Mti Usiozidi Kimo cha Mtu

Jumamosi moja ya mwezi wa Machi, Suad binti Matar alikwenda kondeni kwake kupanda mbatata akakuta pamesimama mkarafuu. Haukuwa mche, ulikuwa mkarafuu wa makamo, umesimama pale pale alipochimba mifereji wiki iliyopita, na vishada vyake vya juu vimeshaanza kupiga wekundu. Nje kulikuwa na baridi na rasharasha ile ya Landani isiyojua kunyesha wala kuacha. Chini ya mkarafuu palikuwa na joto. Suad akavua koti, akalitundika kwenye tawi la chini, akazipanda mbatata zake pembeni.

Konde la pili yake lilikuwa la Kishor, muuza vitambaa wa Kilburn, mtoto wa fundi saa wa Unguja mjini. Asubuhi hiyo alikuwa amepiga magoti anawamwagia chumvi wale konokono wasio na nyumba, ambao walikuwa wameula uwatu wake wote mpaka shina.

"Umepata mkarafuu," alisema.

"Nimeukuta."

"Kivuli chake kitaniulia mamumunye yangu."

"Mamumunye yako, Kishor bhai, hata jua lenyewe limeyashindwa."

"Mwaka jana nilipata moja!"

"Ulipata, ukalipiga picha, ukaitundika dukani. Tunajua."

Kishor akacheka, akarudi kwenye konokono wake. Mvua ikageuka mawe kwa muda mfupi, yakapiga mabati ya vibanda, kisha likatoka jua, kisha rasharasha ikaendelea pale ilipoachia. Hiyo ndiyo ilikuwa hali ya hewa ya mwaka ule, na mtu aliyetoka nyumbani bila ya koti alikuwa mjinga wa kujitakia.

Makonde yale yalikuwa ya kaunsili, yaani baraza la mji, nyuma ya reli ya Kilburn, vipande vidogo vidogo wanavyokodishwa watu wanaokaa maghorofani wasio na hata pahala pa kupanda kotimiri. Waingereza wana jina lao. Suad na Kishor walisema konde, na wakaelewana. Suad alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia mashuka ya hospitali, akakaa na bintiye ghorofa ya juu, na kipande kile kilikuwa ndio udongo pekee katika nchi ile aliouingizia jembe. Alikisubiri miaka. Getini palikuwa na ubao wa masharti: usifuge kuku, usichome taka, usipande mti wa kudumu.

Kwa hivyo haikuchukua muda akaja Bwana Pritchard, katibu wa chama cha wenye makonde. Alikuwa mzee mrefu wa Kiwelshi aliyeendesha treni mpaka akastaafu, mpole, na mwavuli wake ulikuwa umevunjika kijiti kimoja, maji yakimwingia begani. Aliuzunguka mkarafuu. Akachuma jani, akalifikicha, akanusa.

"Unanuka daktari wa meno," alisema.

"Ni mkarafuu. Ni wa kwetu."

"Naona." Alilitia lile jani mfukoni. "Kwetu sisi bonde zima lilizamishwa. Nyumba, kanisa, makaburi, vyote viko chini ya bwawa, ili mji mmoja wa Waingereza upate maji ya kunywa. Mvua zikizidi, kengele ya kanisa letu hulia ndani ya bafu langu, hapo Cricklewood. Mke wangu huziba tundu kwa kitambaa, la sivyo hatulali."

"Basi unanielewa."

"Nakuelewa kabisa. Lakini mti hauruhusiwi, Bibi Suad. Mtu akipanda mti, kesho atasema ardhi ni yake. Mpaka mkutano wa Oktoba uwe umekatwa, au konde apewe mwingine. Na wanaosubiri ni wengi."

Alisema kwa huzuni ya kweli. Kisha akauinua mwavuli wake mbovu akaenda zake, maana kulikuwa na mtu wa konde la tatu kutoka getini aliyekuwa akifuga kuku kwa siri.

Suad hakuwa na nia ya kuukata. Aliujua mti ule kabla ya kuuona. Mama yake, tangu wanakuja Landani baada ya mapinduzi mpaka anafariki, alikuwa akiutaja kama watu wanavyotaja jamaa: mkarafuu wa kisimani, ulioinama kidogo, wenye kovu la kamba pale baba alipokuwa akimfunga punda. Chini ya mti huo mkunga alizika kitovu cha Suad. Suad alipapasa shina kwa kidole, akalikuta kovu. Ile wiki ya mwisho mama yake alikuwa na homa kwenye kitanda cha hospitali, kila akifumbua macho anauliza kama mkarafuu umepaliliwa, na Suad anamwambia ndiyo mama, umepaliliwa. Sasa mti umemfuata mwenyewe, umevuka bahari zote hizo, halafu aukate kwa sababu ya ubao? Alimweleza bintiye Raya. Raya akajibu kwa Kiingereza kwamba kitovu chake yeye kilikwenda kwenye ndoo ya hospitali, na hajambo.

Baba yake, marehemu Matar, hakuutaja kamwe. Huko kwao Unguja alikuwa na shamba kubwa upande wa Dole, na mkarafuu huu ni mmoja tu kati ya mingi. Hapa Landani alikuwa kondakta wa basi. Alipanda na kushuka ngazi za basi la ghorofa akiwa na mashine ya tiketi kifuani, akawaambia watu washike vyuma vizuri, na Jumapili Suad alimpigia viatu rangi. Mtu akimuuliza habari za shamba alikohoa, akasema leo kuna baridi. Alikuwa baba mwema. Suad hajapata kumsikia akimtukana mtu.

Mwezi wa Aprili mvua zilishika kwelikweli. Landani yote ilinyeshewa mvua baridi, ila kwenye konde la Suad ilianguka mvua ya masika, nzito na ya vuguvugu, mpaka Kishor akawa anavua viatu na kuja kuoshea miguu mpakani. Kila ikinyesha ilileta kitu. Kwanza kilikuja kisima, na ndoo yake. Halafu ikaja mihogo, safu mbili zilizojaa majani. Halafu Suad alifika siku moja mvua inamwaga, akamkuta mwanamke amejiinamia anapalilia. Alikuwa amejifunga kanga moja kiunoni na moja kichwani, miguu mitupu, na tope la miguuni mwake lilikuwa jekundu, wakati tope la Kilburn ni jeusi.

"Hodi," alisema Suad, ingawa konde lilikuwa lake.

"Karibu," alijibu yule mwanamke, bila ya kuinuka.

Suad akasimama na mwavuli wake. Yule mwanamke akamaliza tuta, akanyoosha mgongo, akajipangusa uso.

"Mimi Eufrasia, binti Ulimboka. Mkarafuu wangu umetoroka. Nimeufuata."

"Mkarafuu huu ni wa baba yangu, Matar bin Saleh."

"Ahaa." Eufrasia alimtazama kuanzia kilemba mpaka buti za mpira. "Wewe ndiye binti Matar. Kumbe mmekuja kukaa huku."

"Ndiko tuliko."

"Baridi."

"Tumezoea."

"Basi sikiliza, binti Matar. Mti huu aliupanda baba yangu kwa mikono yake. Alikuja kutoka bara, kijana, kwa msimu wa kuchuma, akabaki. Baba yako yuko barazani anakunywa kahawa, baba yangu anachimba mashimo. Mapinduzi yalipokuja serikali ikampa ekari tatu, na mkarafuu huu ukiwemo. Sasa nachuma mimi. Karafuu lazima niiuzie serikali, na ardhi wanasema nayo ni ya serikali. Kwa hivyo usinitolee macho, mimi mwenyewe nimepewa nilime tu."

Damu ilimpanda Suad. "Baba yangu alitolewa nyumbani kwake kwa mtutu wa bunduki, na nguo alizozivaa!"

"Najua. Nilikuwa mtoto, nilimwona akipita. Mama yangu alilia."

"Mama yako alilia?"

"Alilia sana. Kisha tukahamia kwenye nyumba yenu."

Walisimama pale, mvua ya vuguvugu ikawarowesha wote wawili, maana Suad alikuwa ameushusha mwavuli bila ya kujua. Baadaye alikwenda kibandani akaleta chupa ya chai, akamimina vikombe viwili. Walikunywa chini ya mkarafuu. Chai ilikuwa na hiliki. Eufrasia aliisifu. Suad, ambaye hasira yake haikuwa ya kukaa, alimwonea huruma mwanamke yule aliyetoka mbali hivyo kwa ajili ya palizi, akataka kumtendea wema.

"Basi palilia tu," alimwambia. "Panda mihogo, panda majimbi, panda chochote cha kula na kiwe chako, sitakudai kitu. Ila mti usipande."

Eufrasia akakiweka kikombe chini.

"Maneno hayo nayajua," alisema. "Baba alikuwa akiyasema kila jioni, akimwigiza baba yako. Na kile kikohozi chake mwishoni."

Suad aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Maneno yale hakuwahi kufundishwa na mtu. Yalitoka yenyewe, yamepangika, yakimsubiri mdomoni miaka yote hiyo ya kufua mashuka.

"Si maneno yangu," alisema. "Ni ya kaunsili. Yameandikwa getini."

"Na baba yako alikuwa akisema si yake, ni desturi ya mashamba."

Hapo Eufrasia akamweleza. Alipozaliwa yeye, baba yake alikizika kitovu chake karibu na kisima, akapanda juu yake mche wa mfenesi, kama watu wafanyavyo kwao na kwingineko. Aliufunika na makuti usionekane. Mvua ziliponyesha ukainuka, ukaonekana. Mwenye shamba akaja akaung'oa, na kilichokuwa chini yake kikatupwa. Ulimboka na mkewe na mtoto wao wakahamishwa upande wa mawe, ambako hata muhogo hauoti.

"Baba yangu hakuwa mtu wa kung'oa mche wa mtoto," alisema Suad. "Labda msimamizi. Wasimamizi walikuwa na roho mbaya."

"Labda," alisema Eufrasia. Mvua ilikuwa inapungua. Alichukua jembe lake, akafifia kidogo kidogo kuanzia miguuni, kikombe kikabaki juu ya jani la muhogo.

Tangu siku hiyo alikuja na mvua na kuondoka na jua, na kwa hali ya hewa ile kuna siku alikuja mara nyingi mpaka akakasirika. "Mvua gani hii," alikuwa akisema, "inamkatisha mtu katikati ya tuta!" Kishor alikuwa akimwamkia. Alimpa dawa ya konokono, Eufrasia akamwonyesha namna ya kuyafungia mamumunye kamba yatambae juu ya kibanda, na mwaka huo Kishor alipata mamumunye mengi hata picha hakupiga. Suad na Eufrasia walipalilia pamoja. Walizungumza juu ya maumivu ya nyonga, watoto, na bei ya unga. Juu ya mfenesi hawakuzungumza. Suad alikuwa na yake ya kufikiri: Oktoba inakuja, na kila Bwana Pritchard alipopita aliutazama mkarafuu akatikisa kichwa.

Siku moja ya Julai kulikucha jua kali, saa nne upepo, na adhuhuri mbingu zikafunguka. Mvua ile ilileta mche. Ulisimama karibu na kisima, urefu wa mkono, majani yake manene yanang'aa. Eufrasia alipouona aliangusha jembe akakaa chini kwenye tope.

"Ndio huu," alisema.

Aliutazama tu, hakuugusa. Suad alikaa pembeni yake. Walikaa hivyo mpaka mvua ikaanza kukatika, Eufrasia akaondoka hali ametazama kule kule.

Tone la mwisho lilipoanguka, mche ukalala. Mizizi ilikuwa juu, udongo umetapanyika, na pembeni kilitupwa kitambaa kidogo cheupe kilichofungwa fundo. Kwenye tope palikuwa na nyayo za makubadhi. Zilianzia katikati ya konde, zikaenda mpaka kwenye mche, zikageuka. Ule wa kushoto ulikuwa umekanyaga kwa upande wa nje, kisigino kimelika.

Suad hakuhitaji kumuuliza mtu. Kisigino kilicholika vile vile alikipiga rangi kila Jumapili tangu yuko skuli. Wasimamizi wa shamba walikuwa wengi, na huyu hakuwa mmoja wao.

Alilia. Alilia kwa sauti, kwenye benchi la kibanda, na Kishor aliyekuwa ng'ambo ya pili akasimamisha reki yake akaangalia pengine. Alilia kwa sababu alikuwa akimpenda baba yake, na baada ya kuziona nyayo bado alikuwa akimpenda, na mapenzi hayo hayakuufanya mche usimame. Alipomaliza aliokota kile kitambaa. Kilikuwa chepesi, hakina uzito wowote. Alichimba, akakizika, akausimamisha mche juu yake, akaukandamiza udongo kwa viganja.

Mvua iliyofuata mche ulisimama vizuri. Ilipokatika ukang'oka, na nyayo zikawa pale pale. Suad akaupanda tena. Ikawa hivyo kila mvua. Eufrasia hakuwahi kuona, maana huondoka na matone ya mwisho, na Suad hakumwambia. Lakini siku moja Eufrasia alimshika mkono akautazama, udongo umejaa kwenye kucha, akamwachia.

"Si msimamizi," alisema Suad.

"Najua," alisema Eufrasia. "Baba yangu alikuwapo."

Mwezi wa Septemba Bwana Pritchard alikuja na ngazi. Alikuwa amelifikiria jambo lile kwa muda mrefu, usiku ambao kengele ilimnyima usingizi.

"Kuna shariti jingine," alisema, "la zamani. Kila konde linaruhusiwa mti mmoja wa matunda usiozidi kimo cha mtu." Aliisimamisha ngazi kwenye mkarafuu, akapanda mpaka juu kabisa, kofia yake ikafikia kilele. "Na mtu aliyesimama juu ya ngazi ni mtu vile vile. Mkutano ukiniuliza, nitasema nimepima mwenyewe."

Suad alimwangalia mzee yule wa watu, amening'inia huko juu kwenye upepo, suruali inapepea. Moyo wake ulijaa shukurani.

"Mti mmoja," alisema.

"Mmoja tu. Ule mdogo wa kisimani naona unazidi kulala, ungeuondoa usingekuwa na hasara. Chagua unavyotaka, Bibi Suad. Ila miwili siwezi kuitetea."

Suad alirudi nyumbani na basi. Alikaa ghorofa ya juu, mbele, alikokuwa akikaa utotoni baba yake akiwa zamu. Mkarafuu ulikuwa mama yake, na homa ya mama yake, na yeye mwenyewe siku ya kuzaliwa. Kuutunza lilikuwa jambo la halali, limepimwa na ngazi. Kilichotakiwa ni kuuacha mche ulale pale ulipong'olewa, basi. Asingeng'oa yeye. Ulishang'olewa zamani. Suad aliligeuza jambo hilo mpaka basi likampitisha kituo chake, akarudi kwa miguu kwenye manyunyu.

Siku ya mvua alimweleza Eufrasia.

"Nataka kuukata mkarafuu," alisema, "ili mfenesi wako ubaki."

"Huo ni mkarafuu wangu unaotaka kuukata."

"Ni wako. Na kitovu changu kiko chini yake. Ndiyo maana nauliza."

Eufrasia aliangalia juu. Karafuu zilikuwa zimeiva, nyekundu nyekundu, mkao wa kuchumwa. Alikuwa bado anaziangalia, Kishor akawaletea uwatu bila ya kuombwa, akauweka, akaondoka.

"Tuchume kwanza," alisema Eufrasia.

Walichuma kwa siku zote zilizonyesha. Eufrasia alipanda juu na kamba na kigoe, akavuta matawi, na Suad akapokea vishada chini. Walichambua kibandani, karafuu huku, vikonyo kule, wakiwa wamekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa. Kwa kuwa jua halikuwa la kutegemewa, Kishor alizianika dukani kwake karibu na hita, na Kilburn nzima ikanuka daktari wa meno. Wateja walinusa, wakanunua vitambaa, wakaenda zao.

Mkarafuu ulikatwa siku ya ukavu. Bwana Pritchard alileta msumeno, akafanya kazi taratibu, na kabla ya kuanza alivua kofia. Mti ulipoanguka uliangukia upande wake uliokuwa umeinama siku zote. Suad hakulia. Watu walipoondoka alichukua jembe akachimba chini ya kisiki, kwa sababu alitaka kukitoa kitambaa cha kitovu chake akakizike chini ya kitu kingine, hata kama ni mbatata. Alichimba mpaka maji yakaanza kutoka. Alikuta mbatata, ndogo ndogo, ambazo alizisahau msimu uliopita. Kitambaa hakukiona. Alifukia, akajipangusa mikono, akaenda kushika zamu ya jioni hospitali.

Mkutano wa Oktoba ulipita salama. Bwana Pritchard alisema konde la Suad binti Matar lina mti mmoja, unaruhusiwa, na mwenzake mmoja akauliza ni mti gani, akajibiwa ni wa matunda, hawajapata kuyaona. Wakaendelea na habari za kuku.

Mvua ya kwanza baada ya hapo ilikuwa kubwa. Suad aliomba ruhusa kazini akaenda mapema, akasimama mbele ya mche na mwavuli, miguu ameipanua mpaka mche ukawa katikati ya buti zake. Alikuwa na matumaini, na hakuona haya kuwa nayo. Alichokuwa nacho ametoa. Sasa kama kuna haki ya namna yoyote, mche ungesimama.

Eufrasia alipalilia mpaka mvua ilipoanza kuchoka. Safari hii hakukubali kuondoka. Alishika mdomo wa kisima kwa mikono miwili, akabaki, nusu yuko na nusu hayuko, matone ya mwisho yakimpita kifuani.

Nyayo zilitoka katikati ya konde. Zilikuja moja moja kwenye tope, wa kushoto ukikanyaga kwa nje, zikapita chini ya mwavuli, zikaingia katikati ya buti za Suad.

"Baba," alisema Suad. "Uache. Tafadhali, baba."

Zilisimama. Palisikika mtu akikohoa. Kisha mche ukatoka ardhini na mizizi yake yote, ukalazwa, na kitambaa kikatupwa pembeni, si kwa hasira, kama mtu anavyotupa gugu. Nyayo zikageuka zikarudi zilikotoka.

Suad alibaki amesimama na mwavuli wazi, na mvua ilikuwa imekwisha.

"Nilidhani yatakwisha," alisema.

"Nani alikwambia?" alisema Eufrasia. Hakusema kwa ubaya. Aliachia kisima kwa mkono mmoja, akainama kwa shida, akakiokota kitambaa chake mwenyewe. Alikitazama. Kisha akampa Suad.

Suad akachimba. Akakizika. Eufrasia alishika shina liwe wima kwa vidole vilivyofifia mpaka udongo ukaonekana upande wa pili, Suad akafukia, akakandamiza. Walipomaliza alikuwa peke yake. Upande wa Willesden mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya tena, na Kishor alimpigia kelele kutoka kondeni kwake kwamba atalowa.

Kesho yake ilinyesha tangu asubuhi. Suad alichukua jembe akapanda basi.